Kiema, Papa na Pampu ya Gathoni

Siku Gathoni alipomwita Kiema mara ya kwanza, pampu yake ilikuwa imekata kamba na kuzama kwenye machimbo ya zamani ya mawe, yaliyojaa maji, nyuma ya mtaa wa Noonkopir. Bila pampu hangeuza maji, na wateja walishaanza kuulizia kwa Wachira, muuza maji mwenzake.

Kiema, Mkamba asiye na maneno mengi, alikuwa akipeleka watalii chini ya bahari huko Pwani. Watalii walipopungua alihamia kwa dadake Kitengela, mahali ambapo kina kirefu cha maji ni cha tangi. Alikuja na miwani yake na mtungi wa hewa.

"Mbuzi wawili, mama," alisema.

"Wawili? Kwani umewahi kufanya kazi gani ngumu?"

"Nimepita pango chini ya bahari na papa. Unaingia huku, unatokea kule."

Gathoni akafikiri. "Na papa yako atakuja?"

Kiema alimtazama, kisha akawatazama mbuzi zizini. "Papa hawezi kufika huku."

"Basi hiyo ni kazi ya mtu mmoja. Mbuzi ni mmoja. Chagua mwenyewe."

"Sawa."

Gathoni alishangaa ilivyokuwa rahisi.

Pampu ilikuwa imeteleza chini ya mwamba. Kiema aliingia humo na kamba, mapovu yakapotea.

"Si angekuja na babake amsaidie," Gathoni akamwambia Ochola, fundi wake, aliyeshika kamba.

"Baba gani? Papa ni shaki, Mama Ciku. Ile samaki ya kula watu."

Gathoni akayatazama maji upya. Kwa mtu wa namna hiyo, mbuzi wawili ilikuwa bei nzuri. Lakini walishakubaliana.

Kamba ikavutwa mara mbili, pampu ikatoka, Kiema nyuma yake.

"Hao papa wanakuwanga aje?" Gathoni akauliza.

"Mchana wamelala. Unapita kama katikati ya ng'ombe za wenyewe. Husukumi, hukimbii."

Akaenda zizini, akamshika mbuzi wa madoa.

"Huyo ana mimba," Gathoni akasema.

"Nimeona tangu asubuhi."

"Tulisema mmoja."

"Ni mmoja, mama. Mwingine hajafika."

Gathoni akamfungulia lango, akarudi kuwasha pampu. Maji yalitoka, na mteja wa kwanza alikuwa ameshafungua mfuniko wa tangi lake. Kiema alikuwa barabarani, mtungi mgongoni, akimwongoza mbuzi polepole kwa sababu ya hali yake.