Kilichobaki Jikoni Siku ya Chanjo

Rafiki yangu wa Mabira, mfugaji aliyenifundisha kukamua ng'ombe bila kupigwa teke, alifariki mwezi uliopita. Wanasema ni malaria iliyompanda kichwani. Nilitoa pole kama wengine, lakini, msomaji wangu, siamini. Ni malaria gani inayomfanya mtu aliyezoea kumaliza kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, apige kelele akiletewa kikombe cha maji?

Nilikuwa kwake siku kipaza sauti kilipopita kikiita mbwa na paka wapelekwe kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliwafunga kamba mbwa wake wawili wakubwa, akawapeleka. Kitoto cha mbwa na kitoto cha paka wakabaki jikoni wakigombania mfupa. Nilipouliza mbona kile cha mbwa kimeachwa, alicheka mpaka akakohoa. "Hicho bado si mbwa, bwana. Hakijabwekea mgeni hata mmoja! Kikichomwa sasa hivi kitakua kimelegea, nyani wamalize ndizi zangu." Huku kwetu ndivyo tunavyohesabu: mbwa ni yule anayefukuza watu. Mtaalamu wa mifugo alishasema hata wachanga wapelekwe, nasi tukamtazama kwa jicho la pembeni, tukijiuliza ametumwa na nani.

Msibani, kabla ya mazishi, nilimwuliza mjane kitoto kile cha mbwa kiko wapi. "Kilikufa, baba. Kilitokwa mapovu, kikamng'ata mume wangu kidole. Alikifukia kibanjani, kwenye migomba, akajifunga jani, akasema yameisha." Nikamwuliza, je, yeye hakikumgusa? Akaficha mkono ndani ya kanga. Shemeji yake akanijia juu: "Bwana mwandishi, usituletee maneno. Hapa tunalia." Nilikasirika, na niliogopa zaidi. Nikamwambia yule mama kwamba marehemu atazikwa hata mkewe asipokuwepo, ila sindano yake ya kichaa cha mbwa haiwezi kungoja. Hakuwa na uhakika na mimi wala na sindano. Kisha akasema, "Nilimwona alivyokufa," akapanda bodaboda kwenda hospitali wakati jeneza bado lipo ndani.

Sisemi tuache kushuku. Mimi mwenyewe nashuku kila kitu. Ila tuanze na hicho kidogo kinachotulamba vidole jikoni, kiwe cha mbwa au cha paka, tukibebe kikachanjwe pamoja na wakubwa. Yule mama hakumzika mumewe. Anamalizia sindano zake sasa, na ukweni wapo wasioitikia salamu yake.