Injini iliyozima juu ya mpunga, na kipande cha kandambili

Asubuhi, ndani ya banda la bati huko Boko, Tusajigwe Mwakalobo anavua pete yake ya ndoa, anaifunga kwenye pindo la khanga, kisha anaweka kiganja juu ya injini ya ndege kama mama anayempima mwanawe homa.

"Haya mwenzangu," anaiambia injini, "leo tuambie kilichokupata."

Injini imelazwa juu ya kitanda cha mbao kilichotengenezwa na Gaspar, seremala wa Keko. Pembeni mwa kitanda amepigilia sponji ya godoro ili chuma kisikwaruzike. Hakuna aliyemwagiza aweke sponji. Tusajigwe humwonyesha sponji hiyo kila mgeni anayeingia bandani.

Mama huyu mwenye miaka hamsini na tatu yumo kwenye timu inayochunguza ajali za ndege za mashambani, zile zinazonyunyizia dawa ya kuua kwelea kwelea wanaomaliza mpunga. Ndege hizo huruka chini sana, kiasi cha kupeperusha masuke.

"Rubani wa ndege kubwa injini ikizima ana muda wa kusali," anasema. "Wa kwetu akisema 'Mungu', kabla hajafika 'wangu' ameshatua."

Anayecheka kwa sauti kuliko wote ni Gozbert, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja ukiwa kwenye bandeji. Ndiye rubani aliyekuwa akiirusha ndege hii. Mwezi uliopita injini ilimzimikia juu ya shamba, akatua kwenye majaruba ya mpunga, ndege ikabinuka na tangi la mafuta likapasuka. Watu walipofika walikuta tangi ni tupu, na uvumi ukafika Dar kabla yake: rubani karuka bila mafuta.

Mwenye ndege amemsimamisha mpaka uchunguzi uishe. Kosa likiwa ni hilo, Gozbert hatarusha ndege tena. Mtaani kwake vijana wa bodaboda wameshampa jina, Kapteni Jaruba.

"Mafuta nilijaza mwenyewe," anasema kwa upole. "Nilipanda juu, nikachungulia kwa macho yangu. Lakini nani atamsikiliza Kapteni Jaruba?"

Mtu wa tatu bandani ni Lusungu, mwosha ndege wa shamba lile. Alipigiwa simu aeleze tu jinsi wanavyoiosha ndege baada ya kunyunyiza dawa. Yeye akapanda basi, akashuka Mbezi Luis jana jioni na kifuko cha mchele mkononi.

"Shikamoo mama. Nimeona simu haitoshi," alisema alipofika asubuhi hii.

"Marahaba baba. Kaa unywe chai kwanza," Tusajigwe alimjibu, akamsogezea chapati. Hamuulizi mtu swali kabla hajala. Anasema mwenye njaa hujibu lolote ili aondoke.

Sasa injini inafunguliwa. Tusajigwe anaingiza mkono, anapapasa, anamulika kwa tochi. Pistoni zinang'aa. Plagi ni safi. Hakuna kilichovunjika wala kuungua.

"Injini ni nzima," anasema.

Gozbert anainamisha kichwa. Kadiri injini inavyoonekana nzima, ndivyo lawama inavyomrudia yeye. Tusajigwe anamwona, anamgusa bega anapopita kuchukua kitambaa.

"Usiniwahi, Kapteni. Sijamaliza."

Kisha anawataka wote wawili wasimame. Ndivyo anavyofanya kazi siku zote: anamtaka kila mtu arudie kwa mikono alichofanya siku ya ajali.

"Nikimuuliza mtu, ananieleza anavyofanyaga kila siku," anafafanua. "Nikimwambia anionyeshe, anafanya kile alichofanya siku ile."

Lusungu anaanza. Jioni anaosha ndege kwa sabuni. Anaziba matundu matatu ili maji na nyigu wasiingie. Kila kizibo kina utepe mwekundu unaoning'inia. Asubuhi anavichomoa na kumkabidhi rubani. Anavuta cha kwanza, anampa Gozbert. Cha pili, anampa. Cha tatu, mkono wake unavuta na kunyoosha vidole viwili tu, kama ameshika kitu chepesi.

"Hapo," anasema Tusajigwe. "Umempa nini?"

"Utepe, mama."

"Na kizibo?"

Lusungu anatazama vidole vyake. Chumba kizima kinavitazama.

"Kile cha bomba la pumzi la tangi kilipotea," anasema taratibu. "Nyigu walikuwa wanajenga humo kila usiku. Nikakata kandambili yangu nikachonga kingine, nikafunga utepe kwa uzi. Asubuhi ile nilivuta, utepe ukaja. Nikadhani kizibo kimedondoka kwenye majani."

"Na mimi nilipokea tepe tatu," anasema Gozbert. "Nikaridhika."

Tusajigwe ameshafika kwenye kona yalikolazwa mabaki ya ndege. Bomba lile limejaa tope kavu la majaruba, na kila aliyelitazama alidhani ni tope tu. Analiosha. Anapuliza kwa mdomo mpaka mashavu yanatuna. Hewa haipiti. Anatoa sindano yake ya kufumia vitambaa, ile yenye ncha ya ndoano, anaizungusha kwa subira, na kipande cha raba ya bluu kinachomoka.

Gozbert anakaa tena kwenye ndoo, anacheka huku akijifuta macho. "Mafuta yalikuwemo," anasema. "Yalikuwemo."

Tusajigwe anaichukua galoni ya mafuta ya kula yenye tundu moja dogo, anaiinamisha. Mafuta yanatiririka, yanagugumia, yanakwama. "Tangi likikosa pumzi, mafuta hayatoki hata likiwa limejaa," anasema. "Injini imekufa kwa kiu, maji yakiwa mtungini."

Lusungu amevua kofia. "Kumbe ni mie, braza."

"Ulitoa kandambili yako kunilindia ndege," Gozbert anamjibu. "Mimi nilihesabu tepe, sikutazama tundu. Tuko wawili."

"Na ungebaki nyumbani," Tusajigwe anaongeza, "mimi ningekuwa bado natafuta kosa kwenye pistoni. Maliza chai yako."

Matokeo hayo yatapelekwa kwa mwenye ndege, na Gozbert anatumaini kurudi kazini mkono ukipona. Tusajigwe anawaza mbali zaidi. Ameshampigia Gaspar achonge vizibo vya mbao vyenye kichwa kikubwa kisichoweza kuzama, vipakwe rangi nyekundu, utepe upite katikati ya mti. Anataka kila shamba linalorusha ndege liwe navyo kabla kwelea kwelea hawajarudi, na kila rubani aguse tundu kwa kidole chake kabla ya kuwasha.

Mchana Gaspar anawasili na cha kwanza, bado kinanukia rangi. Lusungu anakipokea, anavuta utepe kwa nguvu zake zote. Hautoki. Anakishikilia kizibo, anampa Gozbert utepe, naye anavuta kwa mkono wake mzima mpaka anajikuta amesimama.

"Niletee hiki siku ya kwanza nikiruka," anamwambia Lusungu. "Usinipe utepe. Nipe kizibo."