Mtu wa Kusimama Nyuma ya Pikapu

Jamani, kuna watu wenye matatizo ya kujitakia, halafu kuna Philbert Kagaruki wa Kitendaguro. Mwanamume mzima, miaka sitini na moja, ana kibanja chenye migomba iliyonona, ana pikapu yake ya kubebea ndizi kutoka Kaagya mpaka sokoni Bukoba mjini, ana mke aliyemzalia watoto wanne. Na huyo mke kaondoka. Kabeba begi moja, kaenda kwao Muleba, kisa taa za breki.

Ndiyo, umesikia vizuri. Hakukuwa na mwanamke mwingine, wala pombe, wala ngumi. Ni taa za breki tu.

Lazima nikueleze kwanza huyu bwana alivyo, la sivyo utadhani natania. Miaka kumi na tisa alikuwa mpima kahawa kwenye chama cha msingi. Mkulima akiweka gunia, Kagaruki anasubiri mshale utulie kabisa, na nzi akitua juu ya gunia anamfukuza kwanza ndipo asome. Watu walimchukia na kumwamini kwa pamoja. Alipoacha kazi akanunua pikapu, na ule ukali wote wa mizani akauhamishia barabarani. Alikuwa na daftari ambamo aliandika kwa mkono wake mambo yote ya taa: mbele nyeupe, za kona rangi ya chungwa, za kurudi nyuma nyeupe, za breki nyekundu, zote mbili, ziwake kwa nguvu kuliko zile za kawaida za nyuma, na vioo vyake visiwe vimepasuka wala kupauka. Jumapili baada ya ibada wenzake walipiga soga, yeye alipitia daftari.

Sasa, taa za breki zina shida moja ambayo kila mwenye gari anaijua. Ukikanyaga breki huwezi kuwa nyuma, na ukiwa nyuma huwezi kukanyaga. Madereva wengi wa Kagera wamelimaliza hilo kirahisi sana: hawaangalii. Kagaruki yeye alikuwa na Klaudia.

Miaka kumi na minne, kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Klaudia alisimama nyuma ya pikapu, kitenge mabegani, moshi ukimpiga usoni, chai ikichemkia jikoni mpaka inamwagika. Kagaruki anakanyaga, anapaza sauti dirishani.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Rangi?"

"Nyekundu, Baba Annastella." Annastella ni binti yao mkubwa, ameolewa Mwanza.

"Nyekundu kweli, au imeelekea pinki?"

Kila siku ya Mungu! Mimi ningekuwa Klaudia ningeshamrushia sufuria mwaka wa kwanza. Lakini yule mama alijibu tu, akangoja pikapu ipotee kwenye kona, ndipo akarudi jikoni.

Basi mwezi wa nne mwaka huu, mvua inanyesha hasa, Klaudia aliamka na homa. Viungo vinauma, kichwa kinagonga. Akasimama nyuma ya gari na mwavuli umeshuka mpaka puani. Inawaka? Inawaka. Zote mbili? Zote mbili. Kagaruki akaondoka kwa amani, na kabla hajafika Kaagya akasimamishwa na trafiki, dada mpole aliyemwamkia kwanza, kisha akamwambia ya kushoto imekufa. Akaandikiwa faini. Kagaruki! Mtu ambaye huwa anawasimamisha wenzake njiani kuwaambia taa zao zimepauka! Alitaka ardhi immeze.

Mtu mwenye akili angenunua balbu, mambo yakaisha. Yeye aliinunua, lakini ile iliyoungua akarudi nayo nyumbani, akaita mzee wa kanisa na jirani mmoja, akawakalisha sebuleni. Akaiweka ile balbu iliyoungua juu ya kisosi, katikati ya meza, iwe kielelezo. Kisha akafungua daftari, akamsomea mke wake mashtaka ya kutoa ushahidi wa uongo. Mzee wa kanisa aliangalia balbu, akaangalia dari, akaomba maji ya kunywa.

"Una la kusema?" Kagaruki akauliza.

"Nilikuwa naumwa," Klaudia akasema. "Nilichoka. Nilitaka uende nikalale."

"Kwa hiyo unakiri."

Aisee. Klaudia akarudi kitandani. Alipona homa siku ya nne, siku ya tano akapanga begi.

Hapo ndipo Kagaruki alipoanza kuhangaika. Siku ya kwanza alimwomba jirani yake, Mama Joviana, asimame nyuma. Alipouliza taa zikoje, Mama Joviana akajibu, "Zinapendeza." Kagaruki akashuka kwenda kumfundisha tofauti ya kupendeza na kuwaka. Siku ya pili alimpata mpita njia, naye akasema nyekundu lakini alikuwa anaangalia simu. Baada ya wiki moja, Kitendaguro nzima ilikuwa imejifunza kupita njia ya nyuma, kwenye migomba, ikifika saa kumi na mbili na nusu.

Ndipo akakumbuka mpini wa jembe. Akauchukua, akaubana katikati ya kiti na pedeli ya breki, akasukuma mpaka pedeli ikalala. Akashuka taratibu, akazunguka nyuma. Taa zote mbili zinawaka, nyekundu safi. Ungedhani angeruka kwa furaha. Wapi! Alikaa chini pale pale, matakoni umande. Miaka kumi na minne, kumbe mpini ungetosha. Siku hiyo hakwenda Kaagya.

Ujumbe ukaja kutoka kwa baba mkwe, Mzee Ishengoma: Jumamosi uje ujieleze. Mambo ya kwetu unayajua. Mke akirudi kwao, mume anakwenda ukweni na kibuyu cha olubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na anakwenda na msemaji, kwa sababu mkosaji hajisemei mwenyewe. Kagaruki alitafuta msemaji mtaa mzima. Hakumpata. Kila aliyemwendea alidhani anaitwa kusimama nyuma ya pikapu, akajificha chumbani.

Ijumaa alikwenda mjini kwa fundi Mushumbusi, maana asubuhi hiyo mpini ulikuwa umeonyesha kwamba ya kushoto imeanza kupepesa. Mushumbusi alitaka kumfungia taa za kisasa zinazomulika nyekundu na bluu kwa zamu.

"Bluu?" Kagaruki akafoka. "Mimi ni polisi? Nyekundu! Na iwe balbu ya nyuzi mbili, mmoja wa taa ya kawaida, mmoja wa breki. Ukinipa ya uzi mmoja nitajua."

"Hii hapa, mzee, ya nyuzi mbili."

"Mbona hivi vijino vya ubavuni vya kushikia viko sawa? Ya nyuzi mbili kimoja kinakuwa juu, kingine chini, usije ukaipachika kinyume ukikanyaga breki taa ikafifia."

"Hiyo nimeipiga msasa ikae vizuri. Wewe nenda tu, mzee wangu, itakufikisha Muleba na itakurudisha."

Siku nyingine yoyote Kagaruki angegeuza duka zima. Lakini kesho yake ilikuwa ukweni, na kichwa hakikuwepo. Akaondoka na balbu iliyopigwa msasa.

Jumamosi akapita Kemondo na kibuyu chake, akafika Nshamba, huko huko Muleba kwa wakwe, saa nne, barabara ya mwisho ikiwa mashimo matupu. Ndugu wa mke walikuwa wamekaa sebuleni kama kumi na wawili. Wakampa kahawa za kutafuna, wakampa kiti kifupi kuliko vyote. Klaudia alikuwa chumba cha ndani, pazia limeshushwa.

Mzee Ishengoma ana miaka themanini na mitatu na hana haraka. Alitafuna kahawa yake yote kwanza.

"Tumesikia habari za taa," akasema. "Sasa tangu mtoto wetu aondoke, nani anakuangalizia?"

Hapo mtu mwingine yeyote angesema jirani. Kagaruki hajui kudanganya, ndiyo shida yake. "Mpini wa jembe, Tata," akamjibu baba mkwe.

"Nini?"

Akaeleza. Alieleza vizuri mno, mpaka urefu wa mpini na mahali pa kuubana. Sebule ikalipuka. Verdiana, shangazi yake Klaudia, akasimama na mikono kichwani. "Mawe, mama wee! Kumbe binti yetu alikuwa anafanya kazi ya mpini!"

"Si kweli," ikatoka sauti ya Klaudia nyuma ya pazia. "Mpini unakanyaga breki. Kazi ya kukanyaga ilikuwa yake. Kama kuna mtu kapokonywa kazi na mpini, ni yeye."

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Mzee Ishengoma hakucheka. "Basi mpini unao," akasema. "Umefuata nini huku?"

Kagaruki alitazama viatu vyake. Kwenye daftari hakukuwa na jibu la hilo. Na msemaji hana.

"Waitu, wazee wangu," akasema mwishowe, "mpini nikishauona umefanya kazi, nautoa, naingia, naondoka. Na hakuna mtu anayeniona nikiondoka. Nafika kwenye kona naangalia kioo cha nyuma, hakuna mtu. Nimekosa. Nilimweka kwenye kiti cha mshtakiwa akiwa mgonjwa. Usiku silali. Ninamtaka mke wangu."

Alisema hivyo mbele ya wakwe, na machozi yakamtoka, mzee wa watu. Shangazi Verdiana akakaa.

Mzee Ishengoma akatema ganda la kahawa. "Wewe ni mtu wa sheria, tukuhukumu kwa sheria yako. Twende nje. Klaudia atakaa kwenye usukani, wewe utasimama nyuma. Taa zikiwaka zote mbili, nyekundu, ataondoka nawe leo. Zisipowaka, gari ni bovu, na sisi hatuwezi kumpakia mtoto wetu kwenye gari bovu. Atabaki hapa mpaka kahawa iishe kuvunwa."

Mpaka kahawa iishe kuvunwa! Hiyo ni miezi. Kagaruki alisimama, akatoa funguo za gari.

Ukoo mzima ukatoka, ukajipanga uani pande zote mbili za pikapu. Klaudia akapita bila kumwangalia mumewe, akapanda, akafunga mlango. Gari likawashwa. Kagaruki akasimama pale ambapo hakuwahi kusimama gari likinguruma, kwa sababu kwa mpini huwa haliwashwi. Moshi ukampiga usoni, mweusi, ukaingia puani na machoni. Akakohoa. Akajaribu kusogea pembeni, akagundua kwamba ukisogea pembeni taa moja huioni. Kwa hiyo akarudi kwenye moshi.

"Nakanyaga!" Klaudia akaita kutoka dirishani.

Ya kulia ikawaka, nyekundu, imekolea. Ya kushoto ikapepesa mara moja, ikazima.

Kagaruki akasogeza uso karibu. Hakuna kitu. Giza. Ile balbu ya msasa ilikuwa imelegea kwenye mashimo ya Nshamba. Ukoo wote ulikuwa unaangalia taa, kisha ukawa unamwangalia yeye.

"Inawaka?" Klaudia akauliza.

Mzee wa miaka sitini na moja, mpima kahawa aliyefukuza nzi juu ya magunia ya watu, alifungua mdomo katikati ya ule moshi.

"Inawaka," akasema.

Shangazi Verdiana alijiziba mdomo kwa khanga, mabega yakaanza kumtikisika.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Rangi?"

"Nyekundu, Mama Annastella."

"Nyekundu kweli?"

"Nyekundu kabisa!" akapaza sauti, jasho linamtoka, macho ameyakaza kwenye ile taa iliyokufa. "Nyekundu ambayo sijawahi kuiona!"

Watu hawakuweza tena. Mmoja alishika mgomba asianguke, wengine walikaa chini kwenye nyasi. Mzee Ishengoma akainama na fimbo yake, akaiangalia ile taa ya kushoto kwa muda mrefu, akajinyoosha.

"Mwenye gari amesema zinawaka," akatangaza. "Leteni begi la mtoto."

Klaudia hakushuka. Aliachia breki, akasogea kwenye kiti cha abiria, akafungua mlango wa upande wa dereva kutoka ndani. Kagaruki akapanda akiwa mweusi uso mzima kwa moshi, mikono juu ya usukani, hathubutu kugeuza shingo. Klaudia akachukua ncha ya kitenge chake, akaitemea mate kidogo, akaanza kumfuta shavu.

"Ni ya kushoto?" akamwuliza polepole.

"Ya kushoto."

"Haya, twende. Tuanze kwa fundi."