Sentensi Niliyompelekea Mama Mukurweini

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya simu ya shemeji yangu Wangari, mke wa marehemu kaka, anayemtunza mama huko Mukurweini. "Mama ameacha Kiswahili," alisema. "Siku hizi ni Kikuyu tu." Kikuyu mimi sikijui. Mama alitulea Mombasa kwa Kiswahili ili watoto wenzetu wasitucheke. Nikajifunza miezi mitatu kabla ya kufunga safari, lakini nina miaka hamsini na mbili na kichwa kinavuja. Maneno ya asubuhi hayafiki adhuhuri. Nilibakiza sentensi moja kamili: Mama, ni mimi, mwanao.

Siku ya pili ya safari, saa nne, niliingia Nyeri, baridi ikinitafuna masikio. Nilipitia kwa daktari wa mama kumuuliza kama Kiswahili chake kitarudi.

"Hiyo Kiswahili alisoma akiwa mtu mzima," alisema. "Huu ugonjwa wa kusahau unaweza kuitoa kwanza. Ile ya utoto ndio inakawia."

"Na mimi, kwa umri huu, nitajifunza?"

"Wewe jaribu tu, mzee."

Barabara ya Mukurweini inapita kwenye kahawa na migomba, naambiwa ni pazuri. Sikuona kitu. Nilirudia sentensi yangu mpaka mwenye boda akadhani nasali.

Saa nane tulifika. Mama alikuwa kibarazani, kajifunika blanketi. Aliponiona uso ulimchangamka. "Baba!" Nilifurahi mno. Nimerithi jina la babake, ilivyo desturi kwao, na tangu utotoni ameniita hivyo. Basi nikaitoa sentensi yangu, kila neno mahali pake.

Uso ukamsawijika. Akachungulia nyuma yangu, barabarani, akaanza kulia huku akisema maneno mengi.

"Anasema nini, shemeji?"

Wangari alitua kikombe cha chai. "Ati alifikiri wewe ni babake mwenyewe, yule wa kitambo. Amemngoja tangu asubuhi. Sasa anauliza, kama wewe ni mtoto tu, baba yake ako wapi?"

Nilijiona mpumbavu. Miezi mitatu ya kukesha na daftari, kumbe nilikuwa najifunza kumfukuzia mama baba yake.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba Wangari aniandikie kiganjani, kwa Kikuyu: Nimerudi, mwanangu. Alipoenda kupeleka maziwa nilipiga magoti mbele ya mama nikasoma. Akanishika mikono miwili. Akaniuliza swali, swali refu, kwa sauti ya mtoto, kisha akangoja. Sikuelewa hata neno. Nikasoma kiganja tena. Akauliza tena, polepole zaidi. Nikalia. Mwishowe akaniachia mikono na kulirudisha blanketi mabegani.

Jana nilifika nyumbani, na wanangu wananiuliza nimejifunza nini huko. Ile sentensi ya kiganjani ilitoka kwa jasho njiani, na kichwani haikukaa. Ya kwanza ndiyo haitoki. Naweza kuitamka hata usingizini, kila neno mahali pake, na hakuna wa kumwambia.