Pacha wa Mnadani

"Ting!" Mlio huo wa simu haujanitoka kichwani.

Leo nilikuwa kwenye mnada wa mtandaoni, namtafutia mama cherehani. Yake imeharibika, na sare za watoto wa shule zinamngoja.

Nikitaja bei, ting! Mtu anayejiita Adongo ameongeza. Cherehani kuukuu ikapita bei ya mpya.

Kisha Adongo akaandika: "Aki dada niachie, namnunulia pacha wangu mdogo, Apiyo."

Jamani. Kwetu Wajaluo, Apiyo ndiye pacha anayetangulia kuzaliwa. Adongo humfuata.

Nikamuuliza, "Adongo, nyinyi mlizaliwa kinyumenyume?"

Akajibu muuzaji: "Pole, nilichanganya majina."

Nilichanganya! Kumbe Adongo ni muuzaji mwenyewe, anajipandishia bei. Mngemwambia nini?

Mimi nimejitoa mnadani, nikaenda dukani hapa Migori, na sasa mama anashonea cherehani mpya.