Minara Miwili Iliyopigiana Kelele

Taarifa rasmi inasema kwamba hitilafu ya simu ya Gatuanyaga iligunduliwa katika ukaguzi wa kawaida. Si kweli. Mimi ndiye niliyeigundua, tena kwa kuukiuka huo ukaguzi wa kawaida, na kwa kuwa sasa nimestaafu sina sababu ya kunyamaza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, simu mpya za mkononi zilipoanza kuenea. Kazi yangu serikalini ilikuwa kukagua masafa ya redio, yaani kuhakikisha kwamba mtambo mmoja hauvurugi mawasiliano ya mwingine. Zahanati ya Gatuanyaga ilikuwa imenunuliwa simu moja kwa harambee, maana nyaya za simu ya zamani ziliibwa kila zilipofungwa. Simu hiyo ilitegemea mnara wa Thika, na kwayo ambulensi iliitwa mzazi alipozidiwa. Kisha sauti ikaanza kukatikakatika. Mzazi mmoja alipelekwa hospitali kwa pikapu ya maziwa, na mtoto hakufika akiwa hai.

"Bwana mkaguzi," aliniambia muuguzi mkuu, mama wa Kiislamu aliyekulia Makongeni, "dereva ananisikia kama ninayeongea huku natafuna muhogo. Ananiambia nirudie. Na mtoto naye nimwambie arudi alikotoka angoje?"

Niliushuku mnara wa Ruiru. Masafa ni machache, kwa hiyo minara iliyoachana mbali hupewa masafa yaleyale, kwa sharti kwamba kila mmoja useme kwa sauti ya wastani. Wasimamizi wa minara hii miwili, ingawa waliajiriwa na kampuni moja, walishindana kama wahubiri wenye vipaza sauti pande mbili za barabara. Wa Ruiru aliongeza nguvu za mtambo ili wakubwa wa mashamba ya kahawa wazisifu simu zao. Wa Thika akaongeza pia. Wa Ruiru akazidisha, na juu ya hayo akaziinua antena zitazame mbali. Zikatazama Gatuanyaga.

Hata hivyo, kila tulipopima Ruiru tulikuta mambo safi. Sababu yake ni aibu tupu. Desturi ya ofisi yetu ilikuwa kukiarifu kituo mapema ili wageni waandaliwe. Tulikuta chai, maandazi, mayai ya kuchemsha, na mtambo umeshapunguzwa nguvu. Tukala, tukapima, tukatia sahihi. Hakuna aliyeinua macho kuzitazama antena.

Basi nikaenda bila kumwarifu mtu. Nilianza kwa kupima pale zahanatini, nikakuta mawimbi ya Ruiru yanakaribia kulingana na ya Thika. Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja Ruiru.

"Mzee, mbona hukusema unakuja?" msimamizi akauliza. "Hata chai hatujaweka."

Nilimwambia apunguze nguvu na ainamishe antena. Akadai wateja wake watalalamika. Nikamtaka ampigie muuguzi yeye mwenyewe. Akapiga, akasikiliza, akamwomba arudie. Akamwomba tena. Mara ya tatu hakuomba. Alimtuma fundi apande mnarani.

Fundi aliposhuka, akapiga tena. Safari hii hata mimi niliyesimama kando nilimsikia yule mama: "Nakusikia vizuri. Nani wewe, na ulikuwa wapi siku zote hizi?" Nikamwagiza na mwenzake wa Thika apunguze.

Mkubwa wangu alinikaripia mbele ya makarani. Alisema nimeingia kituo cha watu kama mwizi na kuiaibisha ofisi. Kuhusu yule mtoto wa pikapu, hakuuliza neno. Baadaye muuguzi alinitumia habari kwamba mzazi mwingine alizidiwa, dereva akaelewa mara moja tu alipopigiwa, na mama na bintiye wako salama. Mkubwa yuleyule ndiye aliyeandika kwamba hayo ni matunda ya ukaguzi wa kawaida.

Ukaguzi wa kawaida ulikuwa ule wa mayai ya kuchemsha.