Shangazi wa Kodi

Gazetini wanamwita Shangazi wa Kodi, na wasomaji hawamjui kwa jina jingine. Kila barua huilaza mezani, akainyoosha kwa kiganja taratibu kama anayepiga pasi nguo ya mtoto mchanga, kisha hufumba macho mpaka amwone aliyeiandika: fundi anayeuliza kama cherehani mpya itampunguzia kodi, mstaafu anayeogopa fomu kuliko sindano. Ndipo hujibu, akinong'ona kila neno: "Kuuliza si ujinga, ndugu yangu."

Mchana mmoja kiganja kilisimama. Mwandiko ule, wenye herufi zilizolala ubavu kama zinasinzia, aliujua tangu utotoni, kwenye makopo ya sukari na chumvi ya jikoni kwao. "Shangazi, binti yangu hunitumia pesa kila mwezi. Nizilipie kodi? Yeye sitaki kumsumbua, ana kazi nyingi." Mama hakujua anamwandikia nani. Shangazi alifumba macho, akaiona ile meza, ile miwani iliyofungwa uzi. Akaandika: "La, mama, hazilipiwi. Ila kuuliza si ujinga, mpigie huyo binti mwenyewe." Siku gazeti lilipotoka, simu aliiweka katikati ya meza, na barua hakufungua hata moja.